Kibuyu cha Kadi

Koleo ni mkono wa pili wa mhunzi. Ndilo linaloshika chuma kikiwa chekundu, pale ambapo kidole cha binadamu hakithubutu kugusa. Siku koleo linapovunjika, mhunzi mchanga huona kazi imekwisha. Huzima moto, hufunga mivukuto na kwenda zake. Mhunzi aliyekomaa husikitika kidogo, maana naye ana moyo, kisha hutazama huku na huko atafute kitu kingine cha kushikia chuma kabla moto haujapoa. Ndiyo maana waliotutangulia wakatuachia methali isemayo kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Zipora aliijua methali hiyo tangu darasa la tano. Hata wanafunzi wake aliwahi kuwaandikia maana yake ubaoni. Lakini kuijua methali si kuiishi.

Zipora alikuwa mwalimu wa kujitolea katika shule moja ya sekondari huko Hombolo. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mpole wa sauti, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kuumia moyoni. Aliishi na bibi yake mzaa baba, Bibi Ruthu, katika nyumba ya tembe iliyopakana na shamba la zabibu. Aliyemwona akipogoa mizabibu asubuhi, kanga kiunoni na mkasi mkononi, asingedhani kwamba miaka minne iliyopita, alipokuwa chuo kikuu mjini Dodoma, jina lake lilikuwa likitetemesha meza za mchezo wa Pori.

Pori ni mchezo wa kadi. Kila mchezaji hujijengea fungu lake la kadi arobaini, ambalo wenyewe huliita deki. Huzikusanya mojamoja, akibadilishana na wenzake, akibembeleza hapa na kupunguza pale, mpaka apate fungu linalofanana na akili yake. Kadi za mvua humpa nguvu, na kadi za wanyama hushambulia boma la mpinzani lenye nguzo ishirini. Nguzo zikiisha, umeshindwa. Deki ya Zipora ilisimama juu ya kadi moja adimu, Kifaru wa Radi. Zile nyingine thelathini na tisa zilikuwa watumishi tu, kazi yao kumfungulia Kifaru mlango. Akishuka Kifaru, boma la mpinzani huporomoka kama ukuta wa udongo uliolowa. Wenzake wakambandika jina la Mama Kifaru, naye akalipenda.

Kisha ikaja likizo ya mwaka wa mwisho. Zipora alirudi Hombolo na deki yake ndani ya boksi la viatu, akaliweka chini ya kitanda, juu ya sakafu ya udongo.

"Hapo chini pana wenyewe," Bibi Ruthu alimwonya. "Kitu cha thamani hakilali chini katika nyumba hii."

"Ni usiku mmoja tu, bibi. Kesho nitaliinua."

Kesho ilizaa kesho nyingine. Mvua ya kwanza ikanyesha, na mchwa, ambao nao walikuwa wakiisubiri, wakapanda. Siku Zipora alipolivuta boksi lile, ulikuja upande wa juu peke yake. Chini lilikuwa limebaki tope na vumbi la karatasi. Kifaru wa Radi, aliyelazwa chini kabisa, alikuwa ameliwa mpaka pembe. Zipora alilia kama aliyefiwa. Akazoa vyote, vilivyoliwa na visivyoliwa, akavitupa jalalani. Akajitoa kwenye kundi la simu la wachezaji bila kuaga, na tangu siku hiyo mtu akimuuliza habari za Pori alijibu kwa mkato, "Ile ilikuwa michezo ya kitoto."

Miaka minne ikapita. Jumatatu moja ya mwisho wa Novemba, wakati watu wa Hombolo wakitazama mawingu na kuyahesabia siku, simu yake ililia.

"Mbukwa, Mama Kifaru!"

Zipora aliitambua sauti ile kabla ya neno la pili. Ni Hassani tu, Mrangi wa Kondoa, aliyekuwa akimsalimia Kigogo kwa lafudhi mbaya kiasi kile.

"Hassani! Kifaru alishakufa, unajua."

"Najua, na pole hukutaka kuipokea. Sikupigii kwa ajili ya Kifaru. Nakupigia kwa ajili ya kiti."

Hassani alikuwa ndiye aliyeanzisha chama cha Pori katika chumba cha nyuma ya duka la vifaa vya shule, kata ya Kikuyu mjini Dodoma. Kwa miaka sita alifagia chumba kile kila Jumamosi, akapanga viti, akawapokea wanafunzi waliokuwa mbali na kwao na wasio na pa kwenda. Sasa kampuni inayotengeneza mchezo ilikuwa imemwandikia barua. Ili kibaki kituo rasmi, chama kilipaswa kufanya shindano moja kabla ya mwezi kwisha, lenye wachezaji wanane wanaomaliza raundi zote tatu. Wakipungua wanane, kituo kinafutwa, na mwenye duka alikwishasema kwamba kituo kikifutwa, chumba atakigeuza stoo.

"Tuko saba," alisema Hassani. "Nimehesabu mpaka nikajihesabu mwenyewe mara mbili. Bado ni saba."

"Mimi sina deki."

"Kadi za kawaida ninazo, zile watu wanazoacha mezani. Nitakupa uzifanye zako. Tatizo ni kadi za nyota, zile adimu zenye alama ya nyota usoni. Kanuni inataka kila deki iwe nazo zisizopungua kumi, na mimi zangu zote nimeshawagawia wengine. Huna hata chache zilizobaki?"

"Sina," alijibu Zipora. "Nilitupa."

Alipokata simu, alimkuta Bibi Ruthu amesimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Huyo ni yule Mrangi anayeongea sana?"

"Ndiye, bibi."

"Anataka zile karatasi zako za wanyama?"

Bila kungoja jibu, bibi aliingia jikoni. Juu ya meko palikuwa na uchaga, fito zilizopangwa pale moshi unapopita, na juu yake zilining'inia mbegu za msimu: mtama, uwele, kunde, kila moja ndani ya kibuyu chake. Mdudu gani atavumilia moshi ule? Bibi alishusha kibuyu kidogo cha pembeni, akatoa kizibo cha gunzi na kukiinamisha juu ya ungo. Zikamwagika kadi. Zipora alizihesabu. Zilikuwa kumi na moja, zote za nyota, zile alizokuwa akizipanga juu kabisa ya boksi.

"Niliziokota jalalani," alisema bibi. "Nikajiambia, kitu kinachomliza mtu mzima namna ile lazima ni mbegu ya kitu fulani. Nikaziweka na mbegu nyingine."

"Bibi! Miaka minne! Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Furaha ile iliishi siku moja tu. Kesho yake kifurushi cha Hassani kilifika, na Zipora akazipanga kadi mpya kando ya zile kumi na moja. Moyo ukamshuka. Migongo ya kadi mpya ilikuwa myeupe kama unga wa sembe. Ya kadi zake ilikuwa ya kahawia kama chai ya rangi. Katika mashindano, kadi inayotambulika kwa mgongo ni udanganyifu, kwa kuwa mwenye kuivuta atajua anachovuta kabla ya kukiona. Alimpigia Hassani kuuliza kama kuna vifuko vya plastiki visivyoonyesha ndani, vya kuvalisha kadi. Hassani akajibu kwamba vilivyopo vyote ni vile vinavyoonyesha; vyeusi vitaletwa mwezi ujao.

"Basi imekwisha," Zipora alimwambia bibi yake. "Kumi na moja za kahawia, ishirini na tisa nyeupe. Hakuna mwamuzi atakayekubali."

Bibi Ruthu alikuwa akipepeta kunde. Hakuinua hata uso.

"Wewe unataka zote zifanane?"

"Ndiyo."

"Sasa unalilia nini? Zile zilizokaa motoni haziwezi kurudi kuwa nyeupe. Lakini hizi nyeupe zinaweza kukaa motoni."

Zipora alimtazama, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Kwa siku tatu jiko la Bibi Ruthu lilikuwa kiwanda. Kadi ishirini na tisa zilitandazwa kwenye ungo juu ya uchaga, na chini yake magunzi ya mahindi yalifukizwa taratibu, moshi mwingi na moto kidogo. Jioni ya kwanza kadi zilijikunja kama majani makavu, ikabidi zikandamizwe chini ya jiwe la kusagia mpaka asubuhi. Siku ya pili zilifanana na chai ya maziwa. Siku ya tatu bibi alizichanganya zote arobaini, akamwambia mjukuu wake azigeuze juu chini na kuonyesha zile za zamani. Zipora alijaribu mara tano. Mara tano alikosea.

Jumamosi asubuhi aliingia Kikuyu akiwa amebeba deki yake ndani ya kibuyu.

Mwamuzi alitoka Dar es Salaam, akiitwa Henry, kijana mrefu mwenye miwani na shati lililopigwa pasi kama la bwana harusi. Alikuwa akikagua deki mojamoja. Ilipofika zamu ya Zipora, alikitazama kibuyu, akamtazama Zipora, akakitazama kibuyu tena.

"Hii ni nini?"

"Deki yangu, kaka. Na kabla hujaifungua nataka nikwambie ukweli. Nyingine zilikaa juu ya meko miaka minne, nyingine siku tatu. Nimezifukiza makusudi ili zifanane."

Nyuma yake Hassani alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili kana kwamba kingekimbia.

Henry alizitandaza kadi kifudifudi mezani, akazichanganya kwa muda mrefu. "Mwenye mali ndiye anayeijua," alisema. "Nitolee kadi tatu za nyota."

Zipora alichagua tatu. Henry akazigeuza: mvua, mvua, mbuzi. Akamwamuru arudie. Mvua, fisi wa kawaida, mvua. Mwamuzi aliinua kadi moja, akaichungulia dhidi ya mwanga wa dirisha, akainusa, na uso wake mkavu ukaanza kulegea.

"Kanuni inasema kadi zisitofautike kwa mgongo. Hizi hazitofautiki." Akazirudisha kibuyuni kwa heshima. "Na sijaona kifungu chochote kinachokataza harufu. Mchezaji wa nane, kaa."

Raundi ya kwanza alikutana na Abubakari, kijana mwenye maneno mengi na deki mpya inayong'aa.

"Dada, samahani," alisema Abubakari akipepea pua, "hizi kadi zimetoka kwenye mashindano au zimetoka kubanikwa na perege wa bwawa la Hombolo?"

Watu wakaangua kicheko, na Zipora naye akacheka. Lakini mikono yake ilikuwa imesahau kazi. Alikuwa akihifadhi mvua kama zamani, akimsubiri Kifaru ambaye hakuwemo. Abubakari alimwangushia nguzo zote ishirini kabla chai haijapoa.

Raundi ya pili alikutana na Joel, mtu wa maneno machache, aliyemshinda kimyakimya, jambo linalouma zaidi. Zipora alizikusanya kadi zake. Aliisikia ile sauti ya miaka minne iliyopita ikimnong'oneza kwamba yeye bila Kifaru si kitu, na kwamba huu ni mchezo wa kitoto. Alikishika kibuyu chake, akainuka. Alijua fika kwamba akivuka mlango ule wanabaki saba. Aibu ilikuwa imemfunika macho, na miguu ilikuwa ikienda yenyewe.

Karibu na mlango, kwenye meza ya mwisho, alimkuta binti amejiinamia, naye akifungasha. Alikuwa Shamimu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambaye naye alikuwa amepoteza raundi mbili. Hijabu yake ya kijani ilikuwa na alama ya machozi pembeni.

"Unakwenda wapi?" Zipora alimuuliza.

"Hosteli, dada. Nilikuwa nadhani najua." Shamimu alifuta pua kwa kiganja. "Nina kadi moja tu nzuri, na mara zote mbili imekuja nimeshakufa. Bora niachane na mchezo huu."

Alikuwa ameishika kadi ile. Zipora aliitazama. Alikuwa ni Kifaru wa Radi, mzima, pembe zake mbili zikimetameta.

Mtu akijiona kwenye kioo hawezi kujidanganya. Zipora alisimama pale, kibuyu mkononi, akimtazama Zipora wa miaka minne iliyopita akifunga boksi lake. Ndipo alipogundua kwamba mchwa walikula karatasi tu. Mchezo aliula mwenyewe.

Alivuta kiti, akakaa.

"Raundi ya tatu wanakutana waliolingana," alisema. "Wewe umepoteza mbili, mimi nimepoteza mbili. Mpinzani wako ni mimi. Ukiondoka utanikosesha mchezo, na mimi nimefukiza kadi siku tatu."

Shamimu alicheka bila kupenda. "Kweli umezifukiza?"

"Nusa."

Alinusa. "Mungu wangu! Zinanuka nyumbani."

"Basi kaa nyumbani kidogo."

Mbali kule, Hassani alikuwa amewaona wote wawili wakisimama na wote wawili wakikaa. Naye akakaa.

Mchezo ulianza. Safari hii Zipora hakumsubiri mtu. Aliwatazama wanyama wake wadogo kama anavyoutazama mzabibu kabla ya kuupogoa, akiuliza kila tawi linaweza kuzaa nini. Akashusha swala, akashusha fisi, nguzo za Shamimu zikaanza kupungua. Kisha Shamimu akapata mvua ya saba, idadi anayoitaka Kifaru, na macho yake yakawaka. Alimshusha Kifaru wa Radi.

Watu waliokwishamaliza wakasogea. Zipora alivuta kadi. Ilikuwa Jeshi la Mchwa, mojawapo ya zile kumi na moja, kadi inayomla mnyama mmoja mkubwa wa adui. Alipoiona mezani, Hassani alishika kichwa. "Kumbe mchwa hawakulana wenyewe kwa wenyewe!" alipiga kelele.

Kifaru akaliwa. Uso wa Shamimu ulizimika kama taa ya koroboi iliyopulizwa. Akaanza kuziweka kadi zake chini. "Nimeshindwa, dada."

"Una nguzo ngapi?"

"Tisa."

"Na mkononi?"

"Kadi tano. Lakini ni za hovyo. Kinda wa kanga, sungura..."

"Usinitajie kadi zako, mimi ni adui yako!" Zipora alimkemea, na meza nzima ikacheka. Kisha akasema kwa upole, "Shamimu, mimi nilimpoteza huyo huyo. Nikaacha miaka minne. Usifanye kama mimi. Zitazame hizo tano kana kwamba Kifaru hajawahi kuzaliwa. Halafu nipige, maana mimi sitakuhurumia."

Shamimu alizitazama. Zilipita dakika mbili nzima. Henry alitazama saa, akaamua kutokuiona. Kisha binti yule alimshusha kinda wa kanga, akamwongezea sungura, akageuza kadi ya kichaka iliyowaficha wote wawili, na wadogo wale wakaanza kupenya katikati ya fisi na swala, nguzo moja moja, mbili mbili. Zipora alipigana kwa kila alichokuwa nacho. Aliziba hapa, pakavuja pale. Mwisho wake alibaki na nguzo moja, Shamimu akiwa na mbili, na kinda wa kanga akaruka ukuta.

Chumba kililipuka. Shamimu aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Zipora aliinuka akamkumbatia, akicheka kicheko kirefu ambacho Hassani hakuwa amekisikia tangu wakiwa chuoni.

Henry alisoma matokeo kuanzia juu. Abubakari alikuwa wa kwanza, akapigiwa makofi yake. Aliposoma, "Wa nane, Zipora, ambaye amemaliza raundi zote tatu," makofi yalikuwa mazito zaidi, na aliyeanza kuyapiga alikuwa Abubakari. Mwamuzi akatia sahihi ile karatasi. Hassani aliipokea, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni, kisha akaanza kupanga viti.

Jioni Zipora alimkuta bibi yake uani, ametazama mawingu yaliyokuwa yamejikusanya upande wa bwawa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeshinda?"

"Nimekuwa wa mwisho kabisa."

"Mbona unacheka kama uliyeletewa posa?"

Zipora alimsimulia yote, mpaka kinda wa kanga. Bibi Ruthu alisikiliza, akauliza kama yule Mrangi amekula, kisha akakinyooshea kidole kibuyu. Zipora alikuwa ameinua mkono akirudishe juu ya meko.

"Hapo hapana," alisema bibi. "Mvua ikikaribia mbegu haipandishwi tena uchagani. Unacheza lini?"

"Jumamosi ijayo."

"Basi kiweke mezani."

Zipora alikiweka mezani, mahali pa kuonekana, mbali na sakafu. Tone la kwanza la mvua lilipogonga paa la udongo, alikuwa tayari amekaa na kadi zake arobaini, akizipanga upya, bila Kifaru na bila machozi, kwa kuwa hakika kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.